Tashbihi Ndani ya Tanki

Kando ya barabara ya vumbi ya Kwaluguru, wilayani Handeni, petroli huuzwa kwa chupa. Chupa ya maji ya lita moja, iliyokwisha kazi yake ya kwanza, imesimamishwa juu ya kigoda, na jua likiipiga, kilichomo ndani kinang'aa rangi ya chai iliyozimuliwa mno. Dereva wa bodaboda anaipindua kwenye tanki kupitia mdomo wa chupa nyingine iliyokatwa ikawa faneli, anaitikisa pikipiki kidogo, anaondoka. Hakuna namba iliyoandikwa popote. Hata hivyo namba imo humo, na ndiyo matini ninayotaka tuisome: okteni, ile 91 au 95 ambayo kijiweni huzungumzwa kana kwamba ni kipimo cha nguvu. Usomaji huo unaeleweka, maana namba kubwa ina mvuto wake, lakini umepotoka tangu neno la kwanza.

Tuanze na jinsi namba yenyewe ilivyotungwa. Katikati ya miaka ya 1920 mkemia wa Marekani Graham Edgar alichagua vimiminika viwili viwe ncha mbili za kipimo: isookteni, inayostahimili kubanwa, akaipa 100, na heptani, isiyostahimili, akaipa sifuri. Heptani ya wakati ule, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka, haikutoka kwenye kisima cha mafuta bali kwenye utomvu wa msonobari wa Jeffrey unaoota California. Petroli inayoitwa 95, basi, haina lazima ya kuwa na isookteni asilimia 95. Maana yake ni kwamba inatenda kama mchanganyiko wa sehemu 95 za isookteni na 5 za heptani. Uzito wote wa namba umebebwa na hilo neno “kama”. Ni tashbihi, na kama ilivyo kwa tashbihi yoyote iliyopikwa vizuri, inabidi tuulize sifa inayoviunganisha vitu viwili ni ipi. Haiwezi kuwa joto: kilo ya heptani, yenye sifuri yake, ikichomwa hutoa joto linalokaribiana sana na la kilo ya isookteni. Sifa inayofananishwa ni subira.

Ili kuiona subira hiyo ikifanya kazi, yafaa tuifungue injini. Pikipiki kama Boxer au TVS ina silinda moja na mipigo minne, na kwa mtu aliyelelewa na tarbia ni vigumu kutouona ubeti humo. Kipokeo: pistoni inashuka na kuvuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Mloto: inapanda na kuvibana. Mleo: cheche ya plagi inawasha, na moto unaisukuma pistoni chini. Kituo: inapanda tena kuutoa moshi. Mishororo mitatu inakula, mmoja tu unalisha. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika ubeti huu hughaniwa mara 25 kila sekunde, na haupaswi kukosa mizani hata mara moja.

Ustadi wa utungo umo mpakani mwa mloto na mleo. Cheche haingoji pistoni ifike kileleni. Huruka mapema kidogo, kwa kuwa moto hauwaki wote kwa mkupuo, bali huanzia kwenye plagi na kusambaa kuelekea kuta mithili ya moto wa shamba linalosafishwa. Mtunzi ameitanguliza ili msukumo mkubwa uangukie pale pistoni inapoanza tu kushuka. Wakati moto ungali safarini, gesi iliyoko pembeni, ambayo kwa ruhusa yako nitaiita gesi-subirio, inabanwa mara mbili: na pistoni inayopanda, na gesi iliyokwisha kuwaka inayotanuka nyuma yake. Inapata joto kali. Mafuta yoyote yanaweza kuivumilia hali hiyo kwa muda fulani tu kabla ya kujiwakia bila kungoja zamu. Moto ukiwahi kufika, ubeti unakamilika salama. Ukichelewa, gesi-subirio inalipuka yote kwa pamoja, mawimbi ya shinikizo yanazipiga kuta za silinda, na nje unasikika mlio mkavu, kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Okteni inapima urefu wa ule muda, basi.

Hapa ndipo udogo wa injini unapogeuka kuwa fadhila ya umbo. Upana wa silinda ya Boxer haufiki milimita 60, kwa hiyo moto una safari fupi na gesi-subirio haikai sana foleni. Injini ya maabara ya CFR, inayotumika kuipa petroli namba yake, nayo ni ya silinda moja, lakini silinda yake ina upana wa milimita 82 na ushei, na katika mbinu ya upimaji iitwayo ya utafiti huzungushwa mara 600 tu kwa dakika, mwendo ambao pikipiki ingekwisha zimika. Ndiyo maana injini ndogo hazidai makubwa: kijitabu cha Honda GX160, injini inayoendesha pampu nyingi za maji, kinaomba 91 kwa mbinu hiyo hiyo. Ukiitilia petroli ya 98, hupati kitu. Gari la kisasa lina kihisi kinachosikiliza kugonga huko na kuisogeza cheche ipasavyo. Pikipiki ya kabureta haina sikio. Cheche yake inaruka pale pale ilipopangiwa, na subira ya ziada uliyoinunua inatoka kwenye eksozi bila kuguswa.

Upande wa kushuka ndio wenye maneno mengi. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na kwa muda mrefu yalikuwa na bei ya chini pia. Jirani hao wawili ndio waliotupatia uchakachuaji, yaani kuichanganya petroli na mafuta ya taa. (Neno hilo lilivuma karibu na 2010, likatoka kwenye matanki likaingia kwenye masanduku ya kura ya mwaka huo, na halijarudi.) EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kutia vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kishawishi kipungue. Risasi, ile dawa iliyogunduliwa na Thomas Midgley mwaka 1921 ya kuirefusha subira ya petroli, ilikwisha kuondolewa kusini mwa Sahara ilipofika mwanzo wa 2006, na hakuna aliyeililia. Lakini hata petroli safi inaweza kuishiwa subira: masizi yakijaa kwenye kichwa cha silinda, nafasi ya mbano hupungua na joto hubaki, na injini kuukuu ikadai okteni ambayo ilipokuwa mpya haikuihitaji.

Msikilizaji makini asichanganye milio. Tapeti zilizolegea hulia hata pikipiki ikiwa imesimama bila mzigo, na hufuata mizunguko kwa uaminifu. Kugonga kwa okteni huja injini inapolemewa. Mfikirie dereva aliyetoka Korogwe, bondeni mwa Mto Pangani, akiwa na magunia mawili ya mahindi, anaupanda mlima wa kuelekea Handeni kwa gia ya nne, akseleta imefunguliwa yote, injini ikizunguka polepole. Silinda imejaa hadi pomoni, na gesi-subirio inapewa muda mrefu wa kungoja kuliko inavyoweza. Changarawe zinaanza kutikisika. Anabana klachi, anashuka hadi gia ya pili, mizunguko inapanda, kila mleo unakuwa mfupi. Petroli ni ile ile ya kwenye chupa. Mlio unakatika kabla hajamaliza kuiachia klachi.