Pongezi kwa Naxos na Jenő Jandó

Mjerumani Klaus Heymann alipoanzisha kampuni ya Naxos huko Hong Kong mwaka 1987, CD ya muziki wa Mozart ilikuwa anasa. Yeye aliziuza zake kwa takriban theluthi moja ya bei ya kampuni kubwa. Hakuajiri nyota. Aliwaendea wanamuziki hodari wa Hungary na Slovakia, waliokuwa hawajulikani sana ng'ambo, akawalipa ujira wa mara moja.

Jenő Jandó, mpiga piano na mwalimu wa Chuo cha Muziki cha Liszt mjini Budapest, ndiye ninayemshukuru zaidi. Pamoja na okestra ya Concentus Hungaricus alirekodi koncheto za piano za Mozart, na peke yake akarekodi sonata zote 32 za Beethoven. Isikilize koncheto ya 20, ya mwaka 1785. Okestra inaanza kwa mnong'ono wa wasiwasi, inapanda hadi kishindo, kisha inatulia. Hapo piano inaingia peke yake na wimbo mpya kabisa, mpole, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba yenye ugomvi. Jandó haupambi wimbo huo wala hauharakishi. Kila noti inasikika wazi, na huzuni yake inatosha.

Wapo waliodhani urahisi wa bei ni dalili ya uhafifu. Mimi naona walikosea. Jandó alifariki mwaka 2023, na kwa wengi wetu Mozart wa kwanza tuliyemmudu alitoka vidoleni mwake.