Pongezi kwa Mafundi wa Reli ya Kamina

Jimbo la Katanga nchini DRC lilipogawanywa mwaka 2015, Kamina ikawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ofisi zikaongezeka. Sawa. Lakini mji huu umekuzwa na reli: ya Ilebo iliyokamilika 1928, kisha ya Kabalo, 1956. Njia za Lubumbashi, Kasai na Tanganyika zinakutana hapa. Basi pongezi zangu haziendi kwa gavana yeyote. Nampa pongezi hizo fundi wa njia, anayeinama juani na nyundo yake, akigonga taruma moja moja. Likilia vibaya, anakaza upya. Treni hukawia, tena mno! Hata hivyo mahindi husafiri. Waheshimiwa wanaotuahidi barabara kila uchaguzi, hebu waongozane naye kilomita moja tu.