Fundi wa Kisiki

Chai ya Kericho na Bomet kwa sehemu kubwa hukaushwa kwa kuni. Jani linapofika kiwandani, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji, na mvuke wa kuyaondoa hutoka kwenye boila zinazolishwa magogo ya mikaratusi usiku na mchana. Mti huu uliletwa Kenya mnamo 1902 kwa kazi hiyohiyo ya moto, kuendesha magarimoshi ya Reli ya Uganda. Leo wakulima wengi wa nyanda za juu wameutengea nusu ekari au zaidi kando ya chai yao, na ukiwauliza gharama, wataanza na bei ya mche. Mimi naona gharama kubwa zaidi imo mkononi mwa anayekata.

Fedha za shamba la kuni karibu zote hutoka mwanzoni: miche, mashimo, palizi mara mbili tatu, dawa ya mchwa, kurudishia miche iliyokufa. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari moja inameza miche kama 1,000. Halafu unakaa miaka 6 hadi 8 bila kuona senti. Aliyekopa anaujua uchungu wake: kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kila shilingi 100 alizozika shambani zitakuwa zinadai karibu 195 baada ya miaka 7. Ndiyo maana wengi hupanda maharagwe katikati ya mistari msimu wa kwanza. Jembe linalopalilia maharagwe linaupalilia na mti.

Kinachouokoa mradi ni kwamba mkaratusi ukikatwa vizuri haufi. Chini ya gome la kisiki kuna macho yaliyolala, mizizi iliyokwisha kushika ardhi bado iko palepale, na haupiti muda mrefu machipukizi yanajitokeza. Mavuno ya pili hayadai miche wala mashimo, na palizi yake ni ndogo. Shamba lililotunzwa huvunwa hivyo mara tatu au nne. Lakini kisiki kilichokufa kinaacha pengo lisilozibika. Ukipandikiza mche hapo, jirani zake wenye mizizi ya zamani wataufunika kabla haujakufika kiunoni. Visiki 100 vikiharibiwa katika ekari, utakosa kuni za visiki hivyo mpaka siku ya kung'oa shamba.

Kwa hiyo kumtazama fundi anayekijua kisiki ni jambo la kuheshimu. Hushika panga kwanza kabla ya msumeno wa injini. Anafyeka nyasi shinani, anapangusa udongo kwenye gome, maana mchanga hula meno ya mnyororo. Anaangalia mti umeegemea wapi, anachagua pa kuulaza pasipo na visiki vya jana. Anatoa kabari upande wa kuangukia, kisha anazunguka nyuma na kumalizia pole pole, mti usije ukajipasua kwenda chini. Ufa ukiingia kisikini, gome linaachana na mti, na chipukizi litokalo kwenye gome lililolegea halina pa kujishikiza. Kinachobaki ni kisiki cha sentimita 10 hadi 15, uso wake laini, umeinama kidogo ili maji ya mvua yasituame. Kikiachwa kirefu, machipukizi hutoka juu na upepo huyabandua. Mwishoni anafanya lile ambalo mwenye haraka huliruka: anaondoa matawi yote yaliyofunika visiki, na hakubali yachomwe hapo. Anayelipwa kwa idadi ya miti hana sababu ya kupoteza dakika hizo. Ningekuwa mwenye shamba, ningemlipa kwa siku, na ningemlipa vizuri.

Msimu nao una mvutano wake. Kisiki hutaka mvua, lori hutaka kiangazi. Fundi hukata mvua inaponukia, kuni zikapangwa juu ya vijiti kando ya barabara zikauke miezi kadhaa. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na anayezipakia siku hiyohiyo analipia dizeli ya kubebea maji. (Na yote haya yafanyike mbali na mito. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu, na alikuwa na haki.)

Kisha kuna kupunguza, kazi inayotaka jicho kuliko nguvu. Machipukizi yakifika mita 3 au 4, fundi anarudi na panga, anaacha mawili au matatu kwa kila kisiki: yaliyotoka chini, yaliyoshikana sana na kisiki, hasa ya upande unakotoka upepo. Yakifika mita 7 au 8 anapunguza tena, mpaka idadi ikaribie ile ya miti iliyopandwa.

Visiki vikichoka, mkulima akitaka ardhi yake irudi kwenye mahindi, anaitwa fundi yuleyule. Safari hii anakata karibu kabisa na udongo, halafu anabandua gome lote kuzunguka kisiki mpaka chini ya usawa wa ardhi, asiache jicho hata moja.