Orodha ya mifuko ya madini na namna ya kuilinda ndani ya programu

Orodha ndani ya programu ya kompyuta hubeba vitu pamoja na masharti yanayoviunganisha: namba isijirudie, jumla ya uzito ilingane na uzito wa mifuko yenyewe, kilichokwisha kuuzwa kisiuzwe tena. Masharti hayo yakivunjika, programu mara nyingi haisimami. Inaendelea kutoa majibu yenye kosa, na kosa hugunduliwa likiwa limeshafika kwenye ripoti ya mtu mwingine. Kwa hiyo katika uundaji wa programu kwa mtindo wa vitu, ambao huweka data mahali pamoja na kazi zinazoruhusiwa kuigusa, swali la kwanza kuhusu orodha yoyote ni nani anayeweza kuibadilisha na kwa njia ipi.

Mfano mmoja ni ufuatiliaji wa madini ya bati, tantali na volframu nchini Kongo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni ya masoko yake ya hisa yaeleze kama madini hayo, pamoja na dhahabu, yanatoka Kongo au nchi jirani. Mpango wa iTSCi, ulioanzishwa na wadau wa viwanda vya bati na tantali, ukaanza kazi Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 2011. Utaratibu wake ni wa lebo mbili. Mgodini, wakala wa serikali huupima mfuko, huufunga kwa lebo yenye namba ya pekee, na kuandika namba na uzito daftarini. Mfuko ukifika kwa négociant, yaani mfanyabiashara wa kati, madini husafishwa na kuchanganywa, kisha hutiwa kwenye mifuko yenye lebo ya pili, na daftari la pili hutaja lebo za mgodini zilizoingia humo. Maandishi hayo ndiyo huingizwa kwenye hifadhidata.

Mwandishi wa programu anayeunda darasa, yaani kiolezo cha vitu, liitwalo Shehena kwa ajili ya mifuko ya négociant mmoja anakuwa na masharti matatu ya kulinda. Lebo moja haionekani mara mbili. Kila lebo ya pili inarejea lebo za mgodini zilizopo kweli. Uzito unaotoka hauzidi ulioingia. Bertrand Meyer, katika lugha ya Eiffel aliyoibuni miaka ya 1980, aliyapa masharti ya namna hii nafasi ndani ya darasa lenyewe, ili yawe ya kweli kitu kinapozaliwa na kila kazi ya hadharani inapomalizika. Lugha nyingi hazina nafasi hiyo, na ulinzi unabaki mikononi mwa mwandishi.

Uvujaji wa kawaida ni huu. Katika Java, orodha inawekewa `private`, inaongezewa `final`, kisha inaandikwa kazi `mifuko()` inayomrudishia mwombaji orodha ileile ya ndani. `final` inazuia jina lisielekezwe kwenye orodha nyingine tu. Yaliyomo hayaguswi nayo. Sehemu yoyote ya programu inaweza kuandika `shehena.mifuko().clear()`, mifuko yote ikatoweka, na jumla ya uzito ikabaki kama ilivyokuwa. Hakuna sharti lililokaguliwa, kwa sababu badiliko halikupitia Shehena.

Maktaba ya mikusanyiko ya Java, iliyosanifiwa chini ya Joshua Bloch na kutoka na toleo la 1.2 mwaka 1998, ilileta `Collections.unmodifiableList`. Hii hutoa dirisha: anayetazama hawezi kuongeza wala kufuta, lakini orodha ya ndani ikibadilika, anachokiona nacho kinabadilika. Nakala halisi isiyobadilika ilirahisishwa baadaye, `List.copyOf` ilipoingia kwenye Java 10 mwaka 2018. Tofauti ya hizo mbili ni ya kivitendo kabisa. Skrini ya ghalani inayoonyesha mifuko inavyoingia inafaa kupewa dirisha. Hati ya shehena inayokwenda mpakani Kasumbalesa inataka nakala, kwani mfuko ukiongezwa ghalani lori likiwa njiani, hati haipaswi kuongezeka nao. Mlango wa kuingilia unahitaji uangalifu uleule: orodha inayopokelewa inakiliwa kwanza, kisha nakala ndiyo inayokaguliwa. Ikikaguliwa kabla ya kukiliwa, aliyeileta bado anaishika na anaweza kuibadilisha katikati.

Hata nakala haitoshi ikiwa mifuko yenyewe inabadilika. Nakala ya orodha hubeba marejeo ya vitu vilevile, na anayeweza kuita `mfuko.wekaUzito(40)` anaharibu orodha zote mbili kwa mara moja. Hapa madini yenyewe yanaleta shida ya kweli, maana mchanga wa madini uliopimwa ukiwa na maji hupungua uzito unapokauka, na kipimo cha ghalani hutofautiana na cha mgodini bila mtu kuiba. Kufuta uzito wa kwanza na kuandika wa pili ni kupoteza ushahidi. Suluhisho bora ni kuufanya Mfuko usibadilike baada ya kuundwa, na kila upimaji kuwa kitu kipya chenye tarehe, mahali na mpimaji, kinachorejea namba ya lebo.

Uamuzi huo unaondoa hitilafu nyingine iliyofichika zaidi. `HashSet`, seti ya Java isiyopokea kitu kilekile mara mbili, huweka kila kitu kwenye chumba kinachokokotolewa kutokana na sifa zake. Ikiwa uzito umo kwenye hesabu hiyo, na mfuko ukabadilishwa kutoka kilo 50 hadi 47, utafutaji unakwenda kwenye chumba kipya huku mfuko uko kwenye cha zamani. Seti itajibu kwamba mfuko haumo, na itakubali kuupokea mara ya pili. Sharti la lebo moja limevunjwa na chombo kilekile kilichoaminiwa kulilinda. Utambulisho wa mfuko unapaswa kusimama juu ya namba ya lebo peke yake.

Urithi, yaani darasa moja kujengwa juu ya jingine na kuchukua kazi zake zote, ni mtego wenye historia ndefu. Java ilianza na `Stack` inayorithi `Vector`, na matokeo yake rafu inayopaswa kuguswa juu tu inaruhusu kuingiziwa kitu katikati hadi leo. Shehena inayorithi `HashSet` ina tatizo hilo na kubwa kuliko hilo. Mwandishi anabadilisha `add` ijumlishe uzito, anabadilisha na `addAll` ifanye vivyo hivyo, kisha anaingiza mifuko mitatu ya kilo 50. Jumla inasoma 300, si 150, kwa sababu `addAll` ya ndani huita `add` kwa kila mfuko. Bloch alieleza kosa la aina hii katika kitabu chake cha mwaka 2001, Effective Java. Dawa ni Shehena kuimiliki seti ndani yake bila kuirithi, na kutoa kazi chache zenye majina ya biashara yenyewe: pokea, pima, changanya, safirisha.

Kazi ya `pokea` ikiletewa mifuko 20 na wa 13 ukawa na lebo iliyokwisha kutumika, mifuko 12 isibaki ndani nusunusu. Yote inakaguliwa kwanza, ndipo yote inaingia. Makarani wawili wakiandika kwa wakati mmoja, kuangalia kama lebo ipo na kuiongeza lazima viwe tendo moja lisilokatizwa. `Collections.synchronizedSet` hulinda kila tendo peke yake, na kati ya matendo mawili karani wa pili hupenya. Na programu ikiendeshwa kwenye mashine mbili, kinga ya mwisho ni hifadhidata yenye sharti la upekee kwenye safu ya namba ya lebo.

Ulinzi huu wote unahusu data baada ya kuingia. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba lebo za iTSCi zilikuwa zikifungwa kwenye madini ya migodi isiyoidhinishwa, madai ambayo iTSCi iliyapinga. Darasa la Shehena haliwezi kuamua nani mkweli katika jambo hilo: mfuko wenye lebo halali na asili ya uongo unatimiza masharti yote matatu. Linachoweza ni kutofuta kitu. Kumbukumbu zikiongezwa tu, na kila sahihisho likawa ingizo jipya lenye jina la aliyeliandika, mkaguzi anaweza kujumlisha uzito wa mgodi mmoja mwezi kwa mwezi, akaulinganisha na idadi ya wachimbaji na mashimo yaliyoonekana huko, na kuona ni mgodi upi umetoa madini mengi kuliko unavyoweza kuchimba.