Siku 63, Lakini Kuanzia Lini?

Mwulize shangazi yangu mbwa hubeba mimba siku ngapi, hatakutajia namba. Atakuuliza: "Kuanzia lini?" Kwa muda mrefu niliuona kuwa ni ukaidi wa wastaafu. Kisha nikakaa kwake Moshi masika nzima, mvua ikinyesha na umeme ukikatika kila jioni, nikamwangalia akimlea Popi, jike wake wa Jamani shepadi, tangu alipoingia kwenye joto hadi alipozaa. Sasa nami siwezi kujibu swali hilo kabla sijauliza.

Shangazi alikuwa bwana mifugo. Ndiyo, bwana, cheo kiliitwa hivyo hata kama aliyekishika alivaa gauni. Mimba za mifugo mingine anazo kichwani kama meza ya kuzidisha: mbuzi miezi 5, ng'ombe miezi 9 na siku kidogo, nguruwe miezi 3, wiki 3 na siku 3. Kwa hao unaandika siku ya kupandwa, unahesabu, unajiandaa. Mbwa ndiye aliyemfundisha adabu.

Jike wa mbwa hukubali dume kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima. Mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani yake wiki moja, zikisubiri. Mayai nayo yakitoka hayajakomaa. Yanahitaji siku 2 au 3 nyingine ndipo yaweze kurutubishwa. Kwa hiyo siku ya kupandwa haikuambii mimba imeanza lini. Mwenye kuhesabu kutoka hapo anaweza kupata siku 58, mwingine akapata 72, na mimba zote mbili zikawa za kawaida kabisa. Hesabu kutoka siku mayai yalipotoka, na utakuta wote wanazunguka palepale kwenye 63, kukosea ni siku moja au mbili.

Utaijuaje siku hiyo, na mbwa hasemi? Kliniki kubwa za mjini hupima damu kila baada ya siku mbili hivi, zikifuatilia homoni ya projesteroni inavyopanda. Shangazi anatumia kijiti cha pamba, kioo cha maabara, tone la rangi na hadubini kuukuu. Popi alipoanza kutoka damu, kila siku ya pili alichukua majimaji kidogo ukeni, akayapaka kwenye kioo, akaketi nayo dirishani. Mwanzoni seli ni za mviringo, kila moja na kiini chake katikati. Siku zinavyokwenda zinakuwa bapa, zenye pembe, viini vinafifia, mpaka kioo kizima kinaonekana kama magamba ya samaki yaliyomwagwa mezani. Hapo ndipo jike anapokubali dume. Halafu siku moja, ghafla, magamba yanatoweka na seli za mviringo zinarudi, safari hii zikiwa na seli nyeupe za damu. Siku hiyo ndiyo shangazi aliyokuwa akiiwinda. Kutoka hapo kuzaa ni siku 57, maana mayai yameshatoka siku 6 hivi kabla yake.

Kwa Popi ilikuwa Machi 14. Alipandwa Machi 4 na Machi 6. Shangazi akafungua kaunta buku lake, akaandika "Mei 10", kisha akaizungushia penseli tarehe hiyo kwenye kalenda ya usharika iliyoning'inia jikoni. Mimi nilikuwa nimeshahesabu zangu kwa vidole kutoka Machi 4, nikapata Mei 6. Nilinyamaza. Nilifikiri mama huyu anatatiza jambo jepesi.

Kwa wiki tatu za kwanza hakuna cha kuona, na shangazi hakutafuta kitu. Vitoto huwa vinaelea ndani ya pembe mbili za mji wa mimba na kushika ukutani karibu na mwisho wa wiki ya tatu. Jirani mmoja alikuwa akipita uani na kutoa hukumu yake kila siku: mara chuchu zimevimba, mara tumbo limeshuka. Shangazi alicheka tu. Jike wa mbwa, awe na mimba au asiwe nayo, projesteroni yake hubaki juu kwa takriban miezi miwili baada ya joto. Ndiyo maana wengine huvimba chuchu, hutoa maziwa, hata hubeba kandambili ya mtu na kuilinda kitandani kama mtoto, ilhali tumboni hamna kitu. Chuchu ni shahidi anayesema uongo bila kujua.

Siku ya vidole ilikuwa Aprili 4. Hii naieleza polepole, kwa sababu ndiyo niliyoisafiria.

Alichagua asubuhi, Popi hajala. Alimsimamisha juu ya gunia, akanipa kichwa nikishike, yeye akachuchumaa nyuma yake. Aliweka viganja vyake pande mbili za tumbo, nyuma kidogo ya mbavu, akatulia. Hakubonyeza. Nilidhani ameghairi. Kumbe alikuwa akimsikiliza mbwa anavyopumua. Mbwa mwenye wasiwasi hukaza tumbo likawa ubao, na vidole haviwezi kupita kwenye ubao. Dakika ilipita, pengine mbili. Popi akashusha pumzi ndefu, tumbo likalegea, na vidole vya shangazi vikasogea ndani taratibu mpaka vya kushoto vikakaribia kukutana na vya kulia. Kisha akaviacha viteleze kurudi chini.

"Moja," alisema. Akasogea nyuma upana wa kidole. "Mbili."

Akanipa zamu. Niligusa utumbo, nikagusa kitu kigumu nikafurahi, akaniambia hicho ni kinyesi: ukikibonyeza kinabonyea na kubaki hivyo. "Usitafute, mwanangu. Subiri kije chenyewe." Nikasubiri. Ndipo kikaja, kikapita katikati ya vidole vyangu na kuondoka: kitu cha mviringo, kilichojaa, kinachodunda kidogo kikiguswa, kama gololi kubwa ndani ya soksi. Baada yake pengo, kisha nyingine.

Ujuzi huu una muda mfupi sana. Kabla ya siku ya 21 vifuko hivyo ni vidogo mno. Baada ya siku ya 35 hivi maji yanaongezeka, vinaungana, na soksi ya gololi inakuwa mfuko mmoja mlaini usiosema chochote. Katikati kuna wiki moja nzuri, ile inayoishia siku ya 30 au zaidi kidogo, na mwenye kukosea siku ya kwanza ataikosa wiki hiyo vilevile. Shangazi aliandika "4+". Ile alama ya kujumlisha niliipenda. Wale walio mbele, chini ya mbavu, vidole haviwafikii, na yeye haandiki asichokigusa.

Wenye ultrasaundi huona moyo ukidunda tangu siku ya 25 hivi, na mimi nisingedharau mashine inayoonyesha moyo unaopiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Shangazi pia haidharau. Anasema tu kwamba mashine nayo inahitaji kuambiwa ije lini.

Kosa langu lilikuwa la chokaa. Mwishoni mwa Aprili nilipita duka la dawa za mifugo nikanunua chupa ya kalisi, nikajiona mtu wa maana. Shangazi aliisoma lebo, akashukuru, akaifungia kabatini. Jike anayenyweshwa kalisi wakati wa mimba, mwili wake huzembea kuichota kutoka kwenye mifupa. Maziwa yakianza kutoka ghafla, damu inapungukiwa, misuli inakakamaa, anatetemeka na anaweza kufa. Popi aliongezewa chakula tu kuanzia wiki ya sita, kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya sahani kubwa.

Mei 3 tulimpeleka kliniki moja ya Arusha kupigwa eksirei. Mifupa huanza kuonekana karibu na siku ya 45, lakini anayetaka kuhesabu husubiri ipite ya 55. Mtaalamu alihesabu mafuvu, kisha akahesabu migongo, akahakikisha hesabu zinalingana. Sita.

Na ile Mei 6 yangu ikafika. Nilitandika magazeti, nikachemsha maji, sijui ya nini. "Shangazi, leo ndiyo 63."

"Zako au zake?"

Popi alikula ugali na dagaa, akalala. Jioni yule jirani akashauri apelekwe akapasuliwe, siku zimepita. Hapo ndipo nilipoona thamani ya vile vioo vya dirishani. Mapafu ya vitoto hukomaa mwishoni kabisa. Ukiwatoa siku nne mapema kwa kuamini tarehe ya kupandwa, unaweza kuwatoa wazima wakafia mkononi kwa kukosa pumzi. Shangazi hakubishana na mtu. Alikwenda kuchukua kipimajoto.

Alikuwa akipima tangu Mei 4, asubuhi, mchana na usiku, kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta ya mgando. Mara tatu, kwa sababu projesteroni ikianguka joto la mwili huanguka nalo kwa nyuzi moja hivi, halafu hupanda tena; mwenye kupima mara moja kwa siku anaweza kulala akaamka limeshapita. Ukurasa wa kaunta buku ulijaa namba zisizo na habari: 38.1, 38.0, 38.2, 37.9, 38.0. Nilichoka kuzisoma. Yeye aliziandika zote kwa mwandiko uleule, kana kwamba kila moja ilikuwa mgeni aliyealikwa.

Mei 9, saa 2 usiku: 37.0. Akaipigia mstari mmoja chini, akazima taa ya jikoni, akaniambia nilale, ataniamsha.

Maandishi yaliyobaki kwenye ukurasa ule ni haya. Mei 10, saa 9:20 usiku, jike, gramu 430. Saa 9:55, dume, 460. Saa 10:40, dume, 445. Saa 11:30, jike, 410. Saa 12:10 asubuhi, jike, 425. Saa 1:15, dume, 470. Kondo za nyuma: 6.