Kaa Dawati la Nyuma, Usikilize "Kwa Nini?"

Pita nje ya darasa la shule ya msingi saa nne asubuhi, iwe Ndama au kwingine katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, na kuna sauti utakayoisikia ambayo humfurahisha kila mzazi. "Mmea unahitaji maji, hewa na mwanga wa ju..." "Aaa!" darasa zima linamalizia. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Wengi husema hapo kuna mwalimu. Mimi ndipo ninapoanza kutia shaka. Silabi ya mwisho mtoto anaweza kuimalizia huku anamtazama mbuzi dirishani.

Ufundi wa kumfanya mtoto aiamini akili yake haupimwi kwa kelele wala kwa ukimya. Haupimwi pia kwa andalio la somo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, ingawa mthibiti ubora wa shule atalidai kwanza. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kaa dawati la nyuma kipindi kizima cha dakika 40, na utazame jambo moja: wazo la mtoto likishatoka mdomoni, linafanywa nini?

Tuseme ni Hisabati darasa la nne. Ubaoni kuna 1/3 na 1/4, na mwalimu anauliza ipi kubwa. Mtoto anasimama: "Robo, mwalimu." Mwalimu wa kawaida atasema, "Kaa. Mwingine?" Vidole vinapigwa hewani, "Mimi mwalimu! Mimi!", mmoja anataja theluthi, anapigiwa makofi, kipindi kinasonga mbele. Aliyekaa amejifunza kwamba siku nyingine asinyooshe mkono. Na nusu ya darasa waliokuwa na jibu kama lake wamejifunza kunyamaza bila hata kusimama.

Mwalimu fundi hasemi umepata wala umekosa. Anauliza, "Umeipataje?" Mtoto anajibu, "Nne ni kubwa kuliko tatu." Sasa kosa liko mezani, na lina sababu yake, tena sababu ya mtu mwenye akili: mpaka jana, katika namba nzima, nne ilikuwa kubwa kuliko tatu kila mahali. "Haya. Chapati moja wanagawana watatu, nyingine kama hiyo wanagawana wanne. Wewe unakaa na kina nani?" Mtoto anacheka. "Na wale watatu." "Basi rudi ubaoni utuambie." Angalia ni nani aliyesahihisha kosa. Ni mtoto mwenyewe, na chaki imo mkononi mwake.

Walimu wengi waliopita semina wanaijua mbinu hiyo, kwa hiyo usikimbilie kutoa alama zote. Kipimo kikali zaidi ni jinsi mwalimu anavyolipokea jibu sahihi. Katika madarasa mengi "kwa nini?" huulizwa aliyekosea tu. Watoto si wajinga. Baada ya wiki mbili wanajua kwamba kuulizwa sababu ni njia ya adabu ya kuambiwa umekosa. Mtoto amesema theluthi, mwalimu anamuuliza "Una uhakika?", na hapo hapo anageuka: "Aa, robo, mwalimu!" Ukiona hivyo, ujue jibu la kwanza halikuwa lake. Alikuwa anausoma uso wa mwalimu. Ila ukimwona mtoto anasimama imara, anasema "Ndiyo, kwa sababu wakiwa wachache kila mmoja anapata kikubwa," hapo kuna kazi imefanyika, na haikufanyika leo.

Kingine cha kutazama ni subira. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwaachia wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja hivi. Ulipofikishwa sekunde tatu, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema, na maswali yao wenyewe yakaongezeka. Watu wa Karagwe hawahitaji kuelezwa sana hasara ya haraka: wanaijua butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mkulima ana shida leo. Mwalimu anayenyakua jibu la kwanza linalojitokeza anafanya biashara hiyo hiyo. Hesabu kimoyomoyo baada ya kila swali: moja, mbili, tatu. Utashangaa jinsi sekunde tatu zilivyo ndefu darasani.

Anayetaka kuona ubora na ubovu wa ufundi huu katika kisa kimoja, tunacho hapa hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akaingiza ya kwake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeingiza maziwa bila kuyachemsha yalikuwa bado. Akamuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akaambiwa amejichanganya, haiwezekani. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu mwingine, na alipozidi kushikilia, mwalimu huyo akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Ikawa mzaha wa darasa: kila akikosea hesabu, anaambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Tusimlaumu sana mwalimu huyo. Alijua kanuni ya Newton ya upoaji wa vitu, na kwa kanuni hiyo jibu lake lilikuwa na mantiki. Kasoro yake ni kwamba hakumwambia kijana, "Hebu turudie tuone."

Mpemba akiwa bado Mkwawa, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lile lile. Wenzake wakamcheka, na baadaye wakamwambia amewaaibisha. Osborne alimuuliza kama kweli amelijaribu mwenyewe, akakiri kwamba hajui jibu, akaahidi kwenda kulijaribu Dar es Salaam. Na akalijaribu. Fundi wake wa maabara alimletea taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo. Kwa kipimo chetu hilo halipunguzi kitu. Tunachompima mwalimu si kama mwanafunzi wake ametokea kuwa sahihi, bali kama alikiheshimu alichokiona mwanafunzi huyo kwa macho yake kiasi cha kukipeleka kwenye majaribio. Kwa mizani hiyo Osborne amepita vizuri sana, na alichosema ni "sijui" na "nitajaribu". Ukikaa dawati la nyuma, sikiliza kama maneno hayo mawili yamewahi kutoka kinywani mwa mwalimu.

Madaftari nayo yanasema. Chukua matano bila kuchagua. Kama njia ya kukokotoa ni ile ile mstari kwa mstari, na "vema" nyekundu chini ya kila moja, umeona mwandiko wa ubao tu. Daftari lenye njia mbili za hesabu moja, moja imekatwa na pembeni mtoto ameeleza ilipokwama, lina thamani kuliko yote matano. Kwenye kazi za vikundi, tazama kalamu: ikikaa kwa mmoja kipindi kizima, hicho ni kikundi cha mtu mmoja na watazamaji watano.

Lugha ni jambo zito zaidi kwetu. Mtoto wa Ndama anafikiri kwa Kinyambo nyumbani, anasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anadaiwa afikiri kwa Kiingereza. Aliyekuwa akisema "kwa sababu" kwa ufasaha anarudi kuwa mmaliziaji wa silabi. Najua kanuni inavyosema. Lakini mwalimu wa sekondari anayewaachia wanafunzi wabishane kwanza kwa Kiswahili, kisha akawasaidia kuliandika hitimisho kwa Kiingereza, ninampa alama kubwa, na yule anayemtoza faini aliyezungumza Kiswahili simpi kitu.

Fimbo mezani inamaliza mjadala. Kanuni za nchi zinaitaja kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viboko visizidi vinne. Jibu la hesabu lililokosewa si kosa la nidhamu.

Utaambiwa adabu zetu haziruhusu mtoto kumhoji mkubwa. Si kweli. "Samahani mwalimu, mbona jana tulisema vingine?" ni sentensi yenye adabu kamili. Mwalimu akijibu "Ahsante kwa kukumbuka, tuangalie," adabu imebaki na fikra imebaki. Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule inapaswa kumjengea kijana akili ya kudadisi na kujiamini. Wazo hili ni letu siku nyingi.

Utaambiwa pia kuhusu mtihani. Hoja hiyo ina uzito: mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba uligeuzwa kuwa wa kuchagua herufi hata kwenye Hisabati, na shule zikafundisha kuchagua herufi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka umahiri, lakini mtaala hauulizi "umeipataje?". Anayeuliza ni mwalimu, mara nyingi mbele ya watoto wengi kuliko madawati.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha wazazi, ukishauliza shule imekuwa ya ngapi kiwilaya, omba pia kukaa darasani kipindi kimoja. Na mtoto akirudi jioni, badala ya kumuuliza amepata ngapi, muulize leo ameuliza swali gani, na mwalimu alimjibuje.