Kona haachiwi mtu hivihivi

Ukuta wa tofali huanzia kwenye kona. Fundi uashi hujenga pembe kwanza, kozi tatu au nne, kisha hufunga uzi kutoka kona hadi kona na kujaza katikati kwa kuufuata uzi huo. Kujaza katikati hata saidia fundi mwenye mwezi mmoja kazini anaweza. Kona ni jambo lingine, kwa sababu kosa lake halibaki pale pale. Linapanda na nyumba, kozi kwa kozi, hadi siku ya kuezeka, na hapo ndipo mabati yanapogoma kukaa sawa juu ya kenchi.

Nilisimama muda mrefu kwenye karakana ya shule moja ya sekondari kumtazama msichana wa kidato cha pili aliyekabidhiwa kona. Yuko mkondo wa amali, fani ya uashi. Mkondo huo ulianza Januari 2024 kwa mtaala mpya wa Tanzania Bara, na anayeusoma hajafungiwa kwenye ufundi peke yake: asubuhi ana Hisabati na Kiingereza kama wenzake, halafu anavaa ovaroli.

Alianza na mraba. Kutoka kwenye kigingi cha pembe alipima sentimita 60 upande mmoja, akatia alama, sentimita 80 upande wa pili, akatia alama, kisha akanyoosha futi kamba kati ya alama hizo. Ikasoma 102. Akausogeza uzi mmoja kwa ndani, akapima upya: 99 na nusu. Akausogeza tena, safari hii kwa ncha ya kidole tu, mpaka ikatoka 100 kamili. Hakuna aliyemharakisha. Mafundi wengi wa mitaani huifanya hesabu hii ya 3, 4, 5 kila wiki na hawajawahi kusikia jina la Pythagoras. Wanafunzi wengi nao wamemkariri Pythagoras kwa ajili ya mtihani bila kujua kwamba pembe za chumba wanacholala zilipigwa kwa kanuni yake. Binti huyu anavipata vyote viwili katika mwaka mmoja, na kwangu mimi huo ni utajiri mkubwa. Mwalimu akamwongezea jambo: kwenye msingi wa nyumba atumie mita 3, 4 na 5, maana pembetatu ndogo huficha kosa. Milimita 5 ambazo jicho halizioni ndani ya sentimita 80 zinakuwa zaidi ya sentimita 6 ukuta ukifika mita 10.

Ndipo akashika mwiko. Alichota mchanganyiko kwenye karai, akautandaza juu ya kozi ya chini kwa mkono uliokwenda na kurudi mara moja, akachora mfereji katikati kwa ncha ya mwiko. Tofali likashuka. Akaweka pima maji juu yake; kiputo kikakimbilia kushoto, maana yake kushoto kuko juu, basi akagonga kushoto kwa mpini, polepole, hadi kiputo kikatulia kati ya mistari miwili. Mchanganyiko uliovimba pembeni akaukata na kuurudisha kwenye karai, na chini ya tofali ikabaki nafasi ya milimita 10 hivi. Akashusha timazi kuangalia wima. Akarudi kwenye pima maji, kwa sababu kulisukuma tofali liwe wima huweza kuliondoa kwenye usawa. Fundi mzoefu hufanya haya yote huku akipiga soga. Kwa binti huyu kila tofali lilikuwa na maswali yake, na aliyajibu moja baada ya jingine.

Mtaani wengi tunaamini saruji huwa ngumu kwa kukauka. Ukweli ni kwamba huwa ngumu kwa kuungana na maji kikemia, na ikinyimwa maji mapema hubaki dhaifu. Kwa hiyo ukuta mpya humwagiliwa siku kadhaa, na tofali za kuchoma hulowekwa kabla ya kujengwa ili zisinyonye maji ya mchanganyiko. Saidia fundi huambiwa tu, "mwagilia." Mwanafunzi anayetoka kwenye kipindi cha sayansi na kuingia karakana anaweza kuelezwa sababu, na anayejua sababu hamwagilii kwa kuogopa kufokewa.

Tulishajaribu njia hii zamani. Shule za sekondari za ufundi za Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa vijana walioshika vitabu na patasi kwa pamoja, na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilidai darasa lisitengane na kazi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, imefundisha fani nyingi, lakini wengi huifikia baada ya kumaliza shule, mara nyingi wakiwa wameshaambiwa kuwa wamefeli. Hilo linaniuma. Wazazi wanaosema amali ni ya watoto wasio na akili wangesimama nusu saa tu kwenye karakana ile.

Kona ilipofika kozi ya nne mwalimu aliikagua, akasifu pembe, akaonyesha kozi ya pili ilipolala kidogo, kisha akaamuru ibomolewe. Mchanganyiko wa mazoezi ni chokaa na mchanga bila saruji, tofali hutoka zima na hupanguswa kwa ajili ya mwingine. Binti alizipanga pembeni bila kinyongo, akauliza kama muda unatosha kuanza nyingine.

Likizo wanafunzi kama yeye wanahitaji saiti halisi, na hapa nazungumza na mafundi. Akija kwako, msimamie vizuri, mvalishe kofia ngumu, na usimwache abebe zege siku zote. Mpe uzi na timazi, halafu mwachie kona za chemba ya maji taka: ni nne, ziko karibu karibu, na kosa lake halifiki kwenye paa.